Mkono Uliojifunza Kuvuta Polepole

Miaka thelathini na mmoja ya utumishi, yote katika hospitali hii hii moja hapa Kumasi, inafika mwisho Ijumaa ya tarehe 28 Juni. Siku hiyo Daktari Kwasi Amponsem, bingwa wetu wa upasuaji katika Wodi ya Majeraha ya Moto, anatimiza umri wa miaka sitini, na serikali inamtaka aende nyumbani akapumzike. Kupumzika kwenyewe tutaona. Mtu ambaye hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa, atapumzikaje? Mkewe ameshaanza kutuomba ushauri.

Kamati ya Kuagana ilinipa mimi, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, kazi ya kumwandika, kwa kuwa ndiye niliyesimama upande wa pili wa meza yake muda mrefu kuliko mtu yeyote. Walitaka maneno mazito ya kuchapwa kwa wino wa dhahabu na kutiwa kwenye fremu. Hayo nimeshawapa, na mgeni rasmi atayasoma. Haya ya kwenye kijitabu ni ya kwetu sisi wafanyakazi, na mwenyewe nimemwomba ruhusa ya kusema yote. Alinijibu, "Sema, Sista Nyarkoa. Ila uzito wangu usiutaje." Basi sitautaja. Watakaofika ukumbini wana macho.

Daktari Amponsem ni mwenyeji wa Mampong, mtoto wa mwalimu wa hesabu na mama muoka mikate. Kwa mama alirithi mikono. Subira ya baba hakurithi hata chembe. Alipomaliza masomo aliletwa kwetu kwa muda tu, azibe pengo katika wodi ambayo wenzake walikuwa wakiikimbia, maana majeraha ya moto yanauma, yananuka na yanachukua miezi kupona. Muda ulipokwisha alikataa kuhama. Alidai wagonjwa wa hapa wanajua kutania, na kwamba hospitali nyingine watu wanaumwa kwa kununa.

Ni yeye aliyeanzisha Jumanne ya kupandikiza ngozi. Ni yeye aliyepigania tangi la maji la wodi mpaka likaja, na ni yeye aliyekuwa akizunguka sokoni na makanisani na mtungi wa gesi begani, akiwaonyesha watu namna ya kuufunga wasiungue. Madaktari vijana aliowafundisha sasa wametapakaa kutoka Tamale hadi Takoradi, na wote wanamwita Wofa, kwa kuwa amekuwa mjomba wa kila mtu. Akiwakaripia, anawakaripia kama wapwa zake wa kweli. Akila, anawaita wale.

Kwenye timu ya mpira ya hospitali alikuwa beki, na washambuliaji wa timu ya polisi wanamkumbuka hadi leo. Kitasa cha mlango wa chumba cha kubadilishia nguo kimevunjika mikononi mwake mara mbili. Mara zote mbili alitokea korido akiwa amekishika, analalamika, "Vitasa vya siku hizi ni vya karatasi, jamani!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baadaye mkono ule ule ulimponza, na ninaona hapo ndipo wasifu wake wa kweli unapoanza.

Kazi iliyomjengea jina ni ya kupandikiza mafuta. Mtu akiungua sana, kovu linajikunja na kukaza, ngozi inashikana na mfupa, na kama ni usoni, mdomo unavutwa upande na haufunguki. Daktari huchukua mafuta ya mgonjwa mwenyewe tumboni au mapajani, akayapanda chini ya kovu, kidogo kidogo, kwa mrija mwembamba. Mafuta yakiwa hai, yanashika mizizi, na baada ya miezi kadhaa kovu linalainika. Zamani tulikuwa na mashine ya kufyonza, zawadi ya wafadhili, ikinguruma kuliko lori. Umeme ukikatika nayo inakata roho, na umeme wetu mnaujua. Siku moja ilikata roho na haikufufuka.

Daktari akaenda Accra kwenye mafunzo, akarudi na bomba la sindano kwenye mfuko wa koti, uso umemchanua. "Mkono hauhitaji umeme!" alitutangazia. Na kweli. Unaunga bomba kwenye mrija butu wa chuma, unaupitisha mrija chini ya ngozi, halafu unavuta kile kijiti cha bomba kurudi nyuma. Ndani panakuwa patupu, na utupu huo ndio unaofyonza mafuta huku mrija ukienda mbele na nyuma. Ukivuta kijiti kidogo, mvuto ni mdogo na mafuta yanakuja kwa kujikongoja. Ukikivuta hadi mwisho, mvuto unakuwa mkali na bomba linajaa upesi.

Sasa mpe kazi hiyo mvunja vitasa. Alikuwa akikivuta kijiti mpaka kinakaribia kuchomoka, kisha anakibana na kibano cha kushikia mashuka ili kisirudi mbele, na mafuta yanaingia kwa kishindo. Jina la Daktari Pampu alilipata hapo. Vijana nao wakamwiga, na haukupita muda kukawa na Mbio za Mabomba: kila Jumanne yenye kazi ya mafuta, anayejaza mabomba yake wa mwisho anawanunulia wengine ndizi za kukaanga zenye tangawizi na pilipili kwa yule mama wa getini. Pampu hakuwahi kununua. Chumba kizima kilikuwa kikishangilia, mtu wa dawa ya usingizi ndiye refa.

Ndipo akaja Ama Pokuaa.

Pokuaa ni fundi cherehani wa Bantama. Alipokuwa mtoto mdogo, chungu cha supu ya mawese kilimmwagikia shavu la kushoto na shingo. Alipona, lakini kovu lilimkaza mdomo, ukawa unafunguka kiasi cha kupitisha kijiko cha chai na si zaidi. Alifunika uso kwa kitambaa. Chakula alikula peke yake chumbani, mlango umefungwa, akikimega vipande vidogo vidogo. Kwenye misiba na harusi watu wakimkaribisha sahani alisema amefunga. "Nimefunga mifungo mingi kuliko askofu," aliniambia siku ya kwanza, na nikampenda papo hapo.

Kulikuwa na kijana anaitwa Gyasi, fundi wa mafriji, aliyetaka kumposa. Na siku ya kupeleka vinywaji vya posa kwetu mnaijua ilivyo. Watu wamejaa, wamama wamevaa vitambaa vya kente, na binti anaulizwa mara tatu mbele ya koo mbili: hivi vinywaji tuvipokee? Lazima ajibu kwa kinywa chake, na kila mtu anamwangalia kinywa hicho hicho. Pokuaa alimwambia Gyasi asilete hata soda mpaka atakapoweza kujibu uso ukiwa wazi. Mama yake alimsihi sana. "Utaulizwa, utatikisa kichwa, yataisha!" Pokuaa akasema hatatikisa kichwa kama mbuzi siku ya ndoa yake. Gyasi akasema atasubiri.

Shida yake ilikuwa moja: alikuwa mwembamba kupita kiasi. Mtu anayekula kwa kijiko cha chai anenepe wapi? Mafuta aliyokuwa nayo yalikuwa tumboni tu, kidogo, na tuliyachukua yote. Siku hiyo Daktari Pampu alikuwa moto. Mabomba yalijaa kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona, tukampigia makofi. Shavu la Pokuaa likavimba vizuri, akaondoka akijitazama kwenye vioo vya madirisha ya wodi, na Gyasi akakimbia kununua chupa za pombe ya jini akaziweka tayari.

Miezi minne baadaye alirudi. Aliketi, akafungua kitambaa, na shavu lilikuwa limerudi mfupani kama hatukuligusa. Akamtazama daktari. "Daktari," akasema, "mafuta yangu yamekwenda wapi?"

Daktari alimpa jibu la vitabuni, kwamba mwili hunyonya sehemu ya mafuta, ni jambo la kawaida. "Sehemu nimeelewa," Pokuaa akamjibu kwa adabu. "Lakini mimi naona yamekwenda yote." Akafunga kitambaa chake, akaaga. Nilimwona Daktari Amponsem akienda chumba cha chai, akakaa, na chai ikapoa mbele yake bila kuguswa. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo, na moyo wangu haukupenda.

Wiki ile ile aliingia kwetu Maame Foriwaa, malkia wa wauza vitunguu, kuja kupunguzwa tumbo lililokuwa likimning'inia baada ya uzazi mwingi. Daktari akamwomba ruhusa: alichokuja kukitoa kingetupwa, basi kabla hakijatupwa ajifunzie kidogo. Maame Foriwaa akapiga tumbo lake kofi. "Jifunze, baba! Tumbo hili limezaa watoto sita na wote nimewasomesha. Wewe utakuwa wa saba." Mpaka leo anawaambia wateja wake kwamba tumbo lake ni chuo kikuu.

Nusu ya tumbo lile daktari alivuta kama tulivyozoea, kijiti hadi mwisho na kibano juu yake. Nusu nyingine alivuta kijiti kidogo tu, upana wa ukucha, akikizuia kwa kidole. Kisha akayasimamisha mabomba yote kwenye kishikio, safu mbili, akasubiri yatulie. Hatukuhitaji kuambiwa. Safu ya mvuto mkali ilikuwa na damu chini na juu yake yakaelea mafuta maji, mafuta ya kukaangia kabisa, yaliyovuja kutoka seli zilizopasuka. Katikati palibaki mafuta mazima kidogo mno. Safu ya mvuto mdogo ilikaa manjano safi, na mafuta maji juu yake yalikuwa utando tu. Mwenzetu wa maabara akatazama kwa hadubini, akasema vile vile.

Daktari akatukusanya chumba cha chai. "Mbio zimefungwa leo," alisema. "Bomba lilikuwa likijaa upesi, lakini lilikuwa likijaa maiti. Nimempandikizia yule binti maiti shavuni." Kijana mmoja akajaribu kumfariji, eti hata huko ng'ambo wapo wanaovuta hivyo. Akamkatiza, "Huko ng'ambo simjui Pokuaa wao."

Wapo waliomshauri anyamaze. Mgonjwa hajui, hajashtaki, si aambiwe tu mwili wake ulikataa? Hapo ndipo nilipomsikia akipandisha sauti kwa hasira ya kweli. "Nisiusingizie mwili wa mtu kosa la mkono wangu!" Akaniita kando, akaniomba nimsindikize Bantama nikamsemee. Mkosaji hajisemei mwenyewe, anaenda na mtu wa kumwombea, na mimi nikakubali, nikavaa nguo yangu ya heshima. Yeye akabeba chupa ya jini. Njiani nilimwonya, "Daktari, kazi yako leo ni kukaa kimya. Utaweza?" Akaapa ataweza.

Tulipokewa na Mzee Badu, mjomba wa Pokuaa na mkuu wa nyumba ile, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Pokuaa alikaa nyuma yake na kitambaa chake. Nikaanza kama inavyotakiwa. "Mzee, nimekuja na mtu. Amekosa katika nyumba hii, na ameona haya kuja peke yake." Nikaenda taratibu, nikizunguka, nikilainisha. Sijafika hata nusu, bwana mkubwa akasimama! "Mzee, mwili wa binti yenu hauna kosa lolote! Mafuta yake yalikuwa mazuri kabisa. Niliyapasua mimi, kwa pupa yangu ya kuvuta!" Nikamvuta shati akae chini. Aibu iliyonishika, acha tu.

Mzee Badu aliivuta chupa karibu yake. Halafu akasema, "Tumesikia. Chupa tunaipokea. Lakini Daktari, tumbo la mtoto wetu umelimaliza. Mengine utayatoa wapi?" Macho yake yakashuka polepole mpaka kwenye tumbo la daktari, yakatua hapo. "Au unatoa ya kwako? Naona Mungu hakukunyima." Nyumba nzima ilipasuka kwa kicheko, Pokuaa naye mabega yakimtikisika chini ya kitambaa. Daktari, bila kukasirika, akaeleza kwamba mwili haupokei mafuta ya mtu mwingine, lazima yawe yake mwenyewe. "Basi mnenepeshe," Mzee Badu akatoa hukumu. "Wewe ndiye uliyemmaliza, wewe ndiye utakayemnenepesha."

Pokuaa aliongea mara moja tu siku hiyo. Alitusindikiza hadi mlangoni akasema, "Nitarudi mara moja, Daktari. Haya nayo yakipotea, sirudi tena. Na Gyasi nitamwambia aende akaoe kwingine, maana amesubiri vya kutosha." Hakusema kwa ukali. Daktari alitikisa kichwa kukubali, na njia nzima ya kurudi hakufungua mdomo, yeye ambaye kiapo cha kukaa kimya kilimshinda pale sebuleni.

Hukumu ile ilitekelezwa na mkewe, Maame Sarpomaa, na hapa nawaomba wote watakaokuwepo ukumbini wasimame wampigie makofi. Mama huyu alipika kama anayelisha timu ya mpira. Supu ya karanga nzito yenye nyama iliyosagwa. Viazi vikuu vilivyopondwa na mawese. Uji wa mahindi wenye maziwa ya kopo, wa kunywewa kwa mrija. Vyote vilikwenda Bantama kwenye chupa za chai, na daktari mwenyewe ndiye dereva. Alikuwa akiweka chupa mezani na kuondoka, kwa sababu Pokuaa alikuwa bado anakula mlango umefungwa. Kwa kuwa ni fundi, Pokuaa hakutaka mizani yetu. Alikuja wodini akatuonyesha mishono ya gauni lake. "Nimefumua hapa. Na hapa. Wiki ijayo nakata kitambaa kipya." Kila mshono uliofumuliwa tulipiga vigelegele. Sijui wodi nyingine iliyowahi kumshangilia mtu kwa kunenepa mapaja.

Huku kwetu, Daktari Pampu alikuwa akijifunza upya akiwa na mvi kichwani. Alikitupa kibano. Alichukua bomba dogo la mililita kumi na kujiwekea sheria ya kutovuta kijiti kupita alama ya mbili. Jamani, mwacheni mtu mwenye haraka ajizuie, mtaona mateso. Mkono ulikuwa ukijisahau. Akahamia kuvuta kwa vidole viwili, kidole gumba marufuku. Bado ukajisahau. Mwishowe akatafuta wimbo wa kanisani wa mwendo wa pole kuliko wote, akawa anaimba beti nzima kwa kila bomba, na sisi tunaitikia. Mbio za Mabomba zikageuka: sasa ndizi ananunua mwenye mafuta maji mengi zaidi juu ya bomba lake. Pampu alinunua ndizi miezi mingi, na yule mama wa getini alimwombea baraka.

Siku ya Pokuaa ilipofika, nilimwona akinawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alimwinamia mgonjwa kabla hajalala, akamwambia, "Mwanangu, leo sina haraka ya kwenda popote." Pokuaa akajibu kwa ulimi mzito wa dawa, "Nitaamini nikiona."

Tukaimba. Bomba la kwanza, la pili, la tatu, mafuta yakija kidogo kidogo, manjano, safi. Daktari wetu wa usingizi akachoka akanung'unika, "Wofa, kwa mwendo huu mgonjwa ataamka atukute hapa hapa." Amponsem akamwambia, "Akiamka ataitikia wimbo." Katikati ya kazi wimbo ulimnogea, mkono ukajisahau, nikaona kijiti kimeruka alama. Nilimgonga kidole kwa koleo kabla sijafikiri. Akashtuka, akalitoa lile bomba, akaliweka pembeni lisitumike. "Asante, Sista," akasema, akarudia ubeti. Mafuta yaliyobaki yalitosha shavu kwa shida, hakuna tone la ziada. Aliyapanda uzi kwa uzi chini ya kovu, hadi tukawa tumeimba kitabu chote.

Miezi ile ya kusubiri ilimkondesha daktari kuliko mlo wowote ambao mkewe aliwahi kumlazimisha. Kila Pokuaa alipokuja, alilibonyeza shavu kwa ncha ya kidole. Mwezi wa pili lilikuwepo. Mwezi wa nne, ule ambao mara ya kwanza lilitoweka, lilikuwepo. Ngozi ikaanza kushikika, kovu likaachia mfupa. Mwezi wa saba aliweza kupitisha vidole vyake vitatu mdomoni. Daktari alitoka nje ya chumba mbio kwa furaha, na mlango ule kitasa chake kikapona kwa bahati. Lakini Pokuaa alituambia ukweli wake. Mdomo ulifunguka, ndiyo, ila kula mbele ya watu alikuwa bado hajajaribu. Akishika tonge, anajikuta anautafuta mlango aufunge. Hilo hakuna mrija unaoliondoa, na daktari alijua.

Jumamosi moja mwezi uliopita, Gyasi alileta vinywaji. Tulialikwa. Daktari Amponsem alikaa safu ya pili na kente yake begani, mimi kulia kwake, Maame Sarpomaa kushoto. Pokuaa aliingia na wenzake wakicheza, uso wazi kabisa, hana kitambaa hata cha jasho. Sinia za nyama za vijiti zilikuwa zikipita kwa wageni, na wageni wanatafuna na kusengenya kama ilivyo ada. Mzee Badu akasimama. "Pokuaa, hawa watu wameleta vinywaji. Tuvipokee?"

"Vipokeeni," akasema. Sauti ilifika nje kwa waliokosa viti.

"Nakuuliza mara ya pili. Tukivinywa hatutavitapika. Tuvipokee?"

"Vipokeeni!" Wanawake wakapiga vigelegele, sinia zikazidi kupita.

"Mara ya tatu na ya mwisho, mtoto wetu. Tuvipokee?"

Kimya.

Pokuaa ameinamisha kichwa. Hasemi. Watu wakaanza kutazamana. Gyasi midomo imemkauka. Mama wa binti ameshika kifua. Daktari Amponsem alinikamata mkono, na alama za vidole vyake nilikuwa nazo siku tatu, hapo ndipo nilipojua pupa haikumtoka yote. "Limekaza," alininong'oneza. "Sista, kovu limekaza tena." Mzee Badu akarudia kwa sauti ya chini, "Pokuaa?"

Akainua mkono, kiganja wazi, kama mtu anayesimamisha gari. Na hapo tukaona shavu. Shavu la kushoto, lile lile, limejaa, linapanda na kushuka mbele ya koo mbili na wapiga picha. Mkono wa pili ulikuwa na kijiti cha nyama, nusu yake haipo.

"Subirini kidogo," akasema kwa mdomo uliojaa. "Natafuna."

Sijui nani alianza kucheka. Najua viti viliangushwa. Mama yake alikaa chini sakafuni na kente yake yote, akicheka na kulia. Pokuaa hakujali, alitafuna taratibu mpaka mwisho, akameza, akajifuta mdomo, ndipo akamgeukia mjomba wake: "Vipokeeni basi, mnangoja nini?" Na mzee wetu wa miaka karibu sitini, beki wa zamani, alifunika uso kwa kente akalia kwa sauti mbele ya wakwe wasiomjua. Mmoja akaniuliza kama ni baba wa bibi harusi. Nilimjibu ndiyo.

Daktari Amponsem, mengine yako kwenye fremu. Sisi wa chumba cha upasuaji tunakushukuru kwa kazi, kwa nyimbo, kwa ndizi, na kwa siku ile uliyosimama sebuleni kwa watu ukasema, "Ni mimi." Vijana wako wote sasa hawavuki alama ya mbili, na atakayevuka koleo langu lipo. Maame Sarpomaa, tunakurudishia mumeo akiwa mzima. Ukimpa mlango, mpe wenye kitasa cha chuma. Tunakuombea, Wofa, siku nyingi zenye afya, chai ya moto, na kiti cha kuinywea.

Kamati ilimwomba Pokuaa atoe hotuba Ijumaa kwa niaba ya wagonjwa. Amejibu kwamba atakuja na mumewe, atakaa meza ya mbele watu wote wamwone, lakini hotuba apangiwe mtu mwingine, kwa sababu yeye atakuwa anakula.

Sista Adwoa Nyarkoa,
kwa niaba ya wote wa chumba cha upasuaji